Ngazi ya Nne

Daktari Threlkeld aliinua eksirei kwenye mwanga wa dirisha:
"Nyonga hii imeanza kutoka kwenye kikombe chake."
Kikombe! Mimi nikawaza chai.
Dubu, kilo sitini na tatu, akamlamba kiatu.

Akaongeza: moyo una mluzi.
Tumbo likijaa upepo likajisokota, usingoje asubuhi.
Na chini ya manyoya, pasipokauka,
ngozi huchubuka kimyakimya.
Nikaandika yote nyuma ya risiti ya mkate.

Sasa tuna ratiba, kama vikongwe wawili:
kidonge ndani ya jibini saa moja,
chakula kidogo mara tatu, na asikimbie akishiba,
kitana, kikausha nywele, masikio.
Novemba hapa Kendal haina siku kavu.
Nyumba nzima inanuka mbwa aliyelowa.

Ngazi zetu ni kumi na tatu.
Jana alifika ya nne, akasimama,
akanitazama kama mtu aliyesahau jina langu
na anaona haya kuuliza.

Nimeshusha godoro sebuleni.
Mwanaheri anasema mume wake ameharibika.
Huenda.
Usiku mto Kent unavuma nyuma ya ukuta
na Dubu anaogelea usingizini,
miguu minne inapiga maji,
yote mizima.