Upande Mpana

Nilirudi Oktoba, mgongo umekakamaa
kwa miaka saba ya kuchuma uyoga Ayalandi,
nikamkuta baba na banda lisilo na chini:
kuta nne za msonobari, paa la bati,
na kati yake udongo mtupu wa Latgale,
mweusi, umeloa kama shuka la mgonjwa.

"Kuku ni ndege wa ardhini," akasema Donats.
(Tangu mama afariki namwita kwa jina lake.
Hakuna aliyeamua, lilikuja tu.)
"Mama yangu alifuga juu ya udongo."
"Na kicheche akachimba chini ya udongo huohuo,
akamaliza kumi na mmoja usiku mmoja.
Ulinisimulia mwenyewe."
Akatazama buti zake.

Saruji? Jirani yetu Genovefa anayo.
Inafagilika upesi, panya hatoboi,
lakini Januari inageuka barafu
na kuku wake huchechemea hadi Pasaka.
Tukapiga mbao, chini yake wavu wa chuma,
juu yake linoliamu ya jikoni kwa mama,
ile ya maua ya manjano, iliyochakaa
mahali alipokuwa akisimama mbele ya jiko.
Niliikata kwa kisu. Sikusema neno.
Naye hakusema, ila kile kipande chenye alama ya miguu
alikitandika pembeni, nyuma ya viota,
pasipokanyagwa.

Matandiko yalitugombanisha wiki nzima.
Yeye: nyasi kavu. Nikazamisha mkono ndani,
nikamtolea ukungu, kijivu kama ndevu zake.
Vumbi la mbao: kuku walipiga chafya, nami pia.
Mchanga wa ziwani ni safi, lakini unatunza baridi
kama mdai atunzavyo deni.
Mwishowe maranda, magunia tisa,
yananukia penseli iliyochongwa sasa hivi,
shubiri mbili kwenda juu, na chini yake
mboji kidogo ya kinamasi, inywe unyevu.
"Usiyatoe," akaniambia. "Ongeza juu tu.
Kinachooza polepole hupasha moto."
Hapo nilimkubalia.

Kidirisha chini ya dari nikakiacha wazi;
kinachounguza upanga wa jogoo
si baridi peke yake, ni baridi yenye maji.
Akakifunga. Nikakifungua. Akakifunga.
Kikabaki wazi upana wa ngumi.

Zikabaki fito.
Yeye alitaka matawi: ndege hushika tawi.
Mimi nilikuwa na mbao zilizorandwa, nne kwa tisa,
nikazisimamisha kwa ukingo, wembamba juu,
juu kuliko viota, wasije wakalala humo na kuchafua mayai.
Zilipendeza. Pimamaji lilikubali.
Alisimama mlangoni, akatikisa kichwa,
akaenda kulisha mbwa.

Usiku wa ishirini na saba chini ya sifuri
niliamshwa na skrubu ikilia ndani ya ubao.
Taa bandani.
Nikavaa koti lake juu ya nguo ya kulalia.
Alikuwa amepiga magoti juu ya maranda,
kuku kumi na wanne wamejibana kona wakinung'unika,
na ubao wa mwisho mikononi, anaulaza.
Upande mpana juu.

"Tawi ni la kiangazi," akasema bila kugeuka.
"Kidole kinachoshika hubaki nje.
Kilichokaa bapa, manyoya hukifunika."
Akamwinua mwekundu mmoja, akamweka,
naye akajishusha taratibu, akatanda,
miguu ikapotea.

Nilijua havui soksi mbele za watu.
Sikuwahi kuuliza.
Jeshini, akasema, kaskazini,
gari lilizima, buti zilikuwa za kuazima.
Akainua vidole viwili vya mkono wa kushoto,
hesabu ya vilivyobaki huko,
kisha akanipa bisibisi nimalizie.
Mikono yake ilikuwa imeshakufa ganzi.

Asubuhi Genovefa alikuja kuuliza vipimo.
"Tisa kwa nne," nikamwambia,
nikanyoosha kiganja hewani, bapa,
mpaka alipoelewa.