Gurudumu la Tano

Mabega yangu, leo nawaandikia ninyi
kabla ya kumwandikia mtu mwingine yeyote.
Miaka thelathini na moja mmekuwa miguu
na hakuna aliyewauliza.

Mlima wa kwenda kwangu ni mfupi.
Nimeuhesabu kwa misukumo: mia na themanini na sita wakati wa kiangazi,
mia mbili na zaidi wakati wa mvua,
na hapa Bergen mvua hainyeshi, inaishi,
imepanga nyumba, ina ufunguo wake.
Glavu zikilowa, pete ya gurudumu huteleza,
kiti hurudi nyuma shubiri moja,
nanyi hukidaka, hunung'unika, huendelea.

Haba na haba hujaza kibaba, hata maumivu.
Yalianza kama punje chini ya ngozi.
Kisha sikuweza kulalia ubavu wa kulia.
Kisha kikombe cha rafu ya juu kikahamia rafu ya kati,
kutoka ya kati kikahamia mezani,
na nywele nikazikata fupi, nikasema ni fasheni.

Solfrid, tabibu wa viungo, ana mikono baridi na maneno machache.
Alikandamiza, nikaruka.
"Bega," akasema, "halikuumbwa liwe mguu.
Lilikukopesha. Sasa linadai."

Sikutaka mota. Niseme kweli.
Nilicheza mpira wa kikapu wa viti mpaka miaka arobaini na minne,
nikiwapita wanaume kwenye kona, matairi yakilia,
na kwetu mwenye mota tulimwita abiria.
Neno hilo nililitunga mimi.
Likanisubiri miaka yote hiyo mlangoni, limeshavaa koti.

Kikaja kwenye boksi: kilo sita na ushee,
gurudumu dogo jeusi la kufunga nyuma, chini ya ekseli,
pamoja na bangili.
Gonga mara mbili, kinasukuma.
Gonga tena mara mbili, kinaacha.
Breki ni viganja vyako, kama zamani.

Hakuna aliyenionya kuhusu makofi.
Mahafali ya Ingvill, binti wa kaka yangu:
jina lake likatajwa, nikapiga makofi kama shangazi yeyote,
na bangili ikaelewa, twende.
Nikaenda.
Katikati ya safu, shada la maua mapajani,
moja kwa moja hadi kwenye goti la mwalimu mkuu,
ambaye aliyapokea maua akidhani ni yake.
Ingvill alicheka mpaka akakaa sakafuni.
Siku hizi kwenye hafla bangili hukaa mfukoni.

Hallgeir, tuliyecheza timu moja, alinikuta sokoni penye samaki.
Akalitazama gurudumu la tano, akatabasamu upande.
"Abiria," akasema.
Ningetamani jibu la kumkata maini.
Nilimuuliza tu: "Bega lako la kushoto halijambo?"
Akanyamaza. Akalishika.

Sasa mlimani kinanguruma kama friji ya jirani.
Mimi naelekeza kwa ncha za vidole.
Na hebu sikieni: kuna mlango wa buluu pale katikati ya mteremko,
una kitasa cha shaba chenye umbo la sungura.
Mzee anayepaka rangi madirisha yake anasema upo tangu utoto wake.
Sikuwahi kuuona.
Miaka thelathini na moja nilikuwa nikitazama magoti yangu
na mawe mawili ya mbele.

Juzi kikombe kimerudi rafu ya kati.
Ya juu bado.
Nywele zinakaribia kola.

Na mita kumi za mwisho, kabla ya kizingiti,
nagonga mara mbili, mngurumo unakatika,
nasikia mvua, nasikia pumzi.
Hizo tunapanda wenyewe, polepole, ninyi na mimi.
Si kwa kiburi.
Haya basi, kwa kiburi kidogo.