Pakiti za Kaki

Maji yalipoikata barabara Somanga
tulitafuna makopa siku tisa, makavu,
jiko likielea kama bata.
Ndiyo maana leo, hapa Nangurukuru,
nazigeuza pakiti za kaki mezani kwa Likapa.

“Si za jeshi,” anaapa, “za mtindo wa jeshi tu.
Hazitaki moto. Mimina maji, ngoja dakika kumi.”
Maji yapi, Likapa? Yale yaliyolala sebuleni?

Wali maharage: hapana. Somoe akisikia radi
maharage huyarudisha yote.
Kuku: tarehe imefutika,
naona alama ya kidole chenye mate.
Biskuti: mama mkwe hana meno ya vita.

Nikachukua ndizi nyama, mbili.
Pesa ya korosho ikaishia hapo.

Nyumbani nikafungua moja,
maana akiba usiyoionja ni kamari.
Tukapokezana kijiko. Nje jua kali.
Somoe akalamba mpaka pembe ya mfuko,
akauliza mafuriko yanarudi lini.

Ya pili nimeifukia debeni, chini ya makopa.
Anayeitaka
ayamalize kwanza.