Kistari

Mti unaopenda maji umesimama Kiboga,
kwenye nyasi kavu, katikati ya ng'ombe wa watu.
Ndivyo skrini inavyosema: nukta moja nyekundu,
mbali na wenzake wote.

"Kompyuta imeshaupitisha, Mama Birungi," asema Akiteng.
Ana haraka. Tumebakiza rekodi mia tatu na arobaini
na Ijumaa haimsubiri mtu.
Najua imeupitisha. Imekagua tahajia ya jina,
imekagua kama nukta iko ndani ya Uganda,
ikaridhika, kama askari wa getini
anayekagua begi kwa kulipapasa.

Mimi nauliza swali la jirani mbeya:
wewe nzingu, mtoto wa kinamasi,
Kiboga ulifuata nini?

Nashuka na funguo. Kabati la kumi na saba
mlango wake hukwama mvua ikinyesha Makerere,
na leo mvua iliamka kabla yetu.
Navuta, natukana kidogo, navuta tena.
Harufu ya dawa ya nondo inanitoka nayo hadi mezani.

Namba 214. E. Ssempala, Agosti 1971.
Majani mapana kama kiganja, makavu kama risiti.
Naweka lenzi penye kifundo,
pale vijani viwili vidogo huukumbatia mche mchanga:
vingali hai huwa vyekundu, ndivyo vilivyoupa mti jina lake la Kilatini.
Sasa vina rangi ya chai iliyolala kikombeni.
Rangi imekwenda; umbo halijadanganya.
Ni wenyewe.
Zamani tuliuita Hallea, siku hizi Mitragyna,
wataalamu wamehamisha jina
na mti hauna habari.

Chini, kwa wino, Ssempala ameandika:
*Sango Bay. Msitu wa kinamasi.
Maji magotini. Ruba wengi.
Dakika hamsini na tano kusini mwa ikweta.*

Kusini.
Neno zima, lenye herufi sita, na ruba wake.
Lakini mashine hailitaki neno,
inataka kistari kimoja mbele ya tarakimu,
chembamba kama unywele kwenye sabuni.
Ukikisahau, mti unaruka ikweta
bila mizizi yake, bila maji yake,
unatua Kiboga kama mgeni aliyekosea arusi.
Ikweta imepita juu yetu kama kamba ya kuanikia nguo:
upepo kidogo tu, shati liko upande wa pili.

"Nani aliingiza hii?" nauliza, kwa sauti ya mwalimu.
Akiteng anasogeza safu kwa kidole.
"N.B. Mwaka tisini na nane."
Kisha ananyamaza,
kwa adabu inayouma kuliko kicheko.

Nyangoma Birungi. Miaka ishirini na mitatu,
sketi ya kuazima, nikilipwa kwa rekodi.
Ningependa kusema umeme ulikatika siku ile,
au niliitwa kwenye simu.
Sikumbuki. Huenda nilikuwa na njaa tu.
Huenda nilikuwa na haraka, Ijumaa ikija.

Na wangapi wamechora ramani juu ya nukta ile?
Nani alikwenda Kiboga na panga na daftari
kuutafuta mti wangu,
akarudi akaandika kwamba umetoweka?

Naweka kistari.
Nukta inaruka, inatua kando ya wenzake,
miguu majini.
Kwenye safu ya maelezo naandika:
*Ishara ya latitudo ilisahaulika. Kosa langu.*
"Hilo 'langu' si lazima," asema Akiteng.
"Ni lazima. Kesho atakuja mwingine kuuliza."

Mvua imepungua. Nafunga kabati kwa goti.
Nikirudi, kijana ameacha mia tatu na arobaini zake,
amechuja orodha kwa herufi mbili.
"Za N.B. ziko sitini na moja," anasema,
na ananivutia kiti.