Kura Batili

Saa kumi jioni nilifunga kamba kwenye goli la kaskazini,
nikatangaza: aliye ndani ya mstari atapiga,
aliye nje arudi nyumbani.
Wa mwisho alikuwa Afayo, fundi baiskeli.
Tulibishana tumpake wino kidole kipi,
maana vyote vilikuwa vyeusi kwa grisi.

Masanduku matatu. La rais. La mbunge wa jimbo.
La mbunge mwanamke wa wilaya.
Tuliyamwaga moja moja juu ya turubai
lile lile tunaloanikia mihogo ya shule,
na harufu ya mihogo ikapanda kwenye karatasi za taifa.

Huku kwetu Vurra hesabu haifanywi chumbani.
Unainua karatasi, unaigeuza,
mashariki waione, magharibi waione,
unasoma jina, umati unajibu kwa namba:
arobaini na moja! arobaini na mbili!
Watoto wanaokwama kwenye jedwali la saba
siku ile hawakuruka hata tarakimu.

Kisha nikainua hii.

Haikuwa na alama ya vema, wala dole gumba.
Juu ya picha zote, toka paji la uso wa kwanza
hadi tai ya wa mwisho,
mtu ameandika kwa kalamu ya bluu:
KISSIMA KIMEKUFA TANGU MWEZI WA TATU.

Umati ulikuwa umeshafungua kinywa kusema sabini na tisa.
Kikabaki wazi.

Wakala Drani akadai neno la kwanza limeanzia
kwenye kisanduku cha mtu wake, basi kura ni yake.
Wakala Ezaru akajibu: na neno "kimekufa"
limelala juu ya nani? Soma vizuri.
Watu wakacheka. Polisi naye akacheka,
akakumbuka bunduki, akanyamaza.

Mimi nilikuwa naitazama ile K.
Mguu wake wa chini mfupi, umekunjwa,
kama mtu aliyekalia jerikeni.
Naijua K hiyo. Nimeisahihisha kila Jumatatu na Alhamisi
tangu mvua za mwaka jana, kwa taa ya sola,
kwenye daftari la mama anayeuza unga Ariwara, ng'ambo ya mpaka,
aliyenijia akisema: mwalimu, nifundishe Kiswahili cha kuandika,
wateja wa Kongo wananiandikia madeni yao
nami nabaki nikiyatazama tu.

Jina lake silitaji. Nilikula kiapo.

Kitabu cha mafunzo kina ukurasa mzima:
karatasi isiyo na alama, yenye alama mbili,
iliyochanika, iliyotiwa sahihi.
Kisima hakimo.
Fomu ya matokeo ina mstari mmoja kwa mambo kama haya,
mfupi kuliko kidole changu.
Batili, nikasoma kwa sauti. Nikaandika 1.
Mawakala wakatia sahihi, mmoja akaniazima kalamu
na hakuirudisha.

Usiku tulipeleka masanduku kaunti ndogo.
Taa za gari zikaimulika pampu pale kona:
mkono wake uko juu, hewani,
kama mwanafunzi anayeomba kuuliza
na hajachaguliwa tangu mwezi wa tatu.
Dereva hakupunguza mwendo. Redioni
asilimia zilikuwa zimeanza kufika,
na nukta zake za desimali.

Jumatatu alichelewa darasani,
sketi imelowa hadi magotini kwa maji ya mto,
wino bado umeng'ang'ania ukucha.
Akafungua daftari. Hakunitazama.

"Mwalimu, kisima kina S ngapi?"

Wenzake walikuwa wakinakili bei za maharage.
Nje mbuzi wa mtu alikuwa anatafuna
kipande cha kamba yangu ya juzi.

"Moja," nikasema.

Akachukua kifutio. Akaiondoa ya pili,
akaupuliza unga wake mezani.