Shamba la Jua

Walinipa tochi yenye kioo chekundu
na daftari, wakaniambia: hesabu komba.
Usiku kumi na moja ndani ya msitu wa Rondo,
umande ukinipanda toka viatuni hadi kwapani.
Si yule komba mnayemsema kwa ulevi wa tembo.
Huyu ni mdogo, anaenea mfuko wa shati,
mkia kama brashi ya kuoshea chupa,
na sauti yake, krr-krr, krr-krr,
ni baiskeli mbovu inayosukumwa kilimani.

Niliandika: saba. Kumi na wawili.
Mmoja, na mtoto.

Mchana injinia akatandaza ramani juu ya boneti.
"Hapa ni pori tu, hapana mtu.
Tukifyeka eka sitini, tutalima jua."
Kulima jua! Nikacheka,
halafu kicheko kikanikwama,
maana nimemwona Somoe Nampota, mkunga,
akimpokea mtoto wa kina Mchopa
tochi kaing'ata kwa meno,
mate yakimchirizika kidevuni;
na chanjo nimeziona zikiletwa kwa bodaboda
ndani ya boksi la barafu iliyokwisha kuwa maji.

Nimwambie nini Somoe?
Kwamba yupo kiumbe mwenye uzito wa yai,
halijui jua,
na jua ndilo linakuja kumhamisha?

Nilimwambia. Akanawa mikono, akauliza:
"Hawana kwingine?"
"Hawana."
"Na sisi je?"

Siku tatu nililala na swali hilo.
Ya nne nikairudia ramani, nikaweka kidole
mahali ambapo sikutaka kukiweka:
mikorosho ya marehemu mama, kule Ntene,
miti themanini, mizee, yenye ubwiri unga kila msimu,
imekula salfa kuliko ilivyozaa,
lakini ndiyo iliyonilipia ada.
"Hapa. Jua ni lile lile."

Kaka yangu Nangolo hajanisemesha tangu msumeno ulipolia.
Fidia tuligawana. Salamu, hapana.

Nyumba yangu imepakana na zahanati.
Friji ya chanjo inanguruma usiku kucha,
nami nasikiliza:
friji, friji, halafu kutoka msituni
krr-krr.
Halafu friji.
Usiku mwingine komba hawalii kabisa,
nakaa kitako kitandani, daftari magotini,
sijui niandike nini.