Nilichosema Nilipotoka Ngezi

Kazi hii sikuiomba.
Nilikuwa fundi baiskeli pale Konde,
kucha zina grisi, mdomo umebana spoku,
wazee wa Makangale walipoingia na chetezo cha mama
kimefungwa ndani ya kisutu chake.
Wakakiweka benchini, kati ya nati na viraka vya mpira.
Mize, wakasema, mvyale sasa ni wewe.

Watu wa ng'ambo hudhani tunaita radi,
usiku tunageuka chui.
Hapana. Shangazi Mwache tu ndiye aliyewahi kugeuka ninga,
akakaa huko wiki nzima kwa sababu alipapenda.
Kazi yenyewe ni ya karani:
kujua mjoho upi umeoza moyo,
paa nunga wangapi wamezaa kabla ya vuli,
nani kachimba dawa asiache sarafu,
popo wamerudi au bado wamenuna.
Na kwa kuwa Ngezi hupumua,
ardhi ikapanda shubiri moja alfajiri na kushuka isha,
kuwakumbusha wa Tondooni wasipange vyungu ukutani.

Mwaka ule Faki Mbarouk alileta ramani.
Barabara ilikuwa mstari mwekundu, mnyoofu,
kana kwamba aliyeuchora hajawahi kukutana na mti.
Si mtu mbaya, Faki.
Mkewe Raya alijifungua njiani, juu ya gari la ng'ombe,
kwenye ule mzunguko mrefu usiokwisha,
na mtoto hakulia.
Kauulize msitu, akaniambia. Ukikubali, tunakata.
Ukikataa, sitakuja tena.
Hakunitazama aliposema hivyo.

Nikaingia peke yangu, kandambili mkononi,
hadi penye mvule ambao mama alikuwa akiuamkia kwanza.
Nikawasha ubani. Nikasema maneno aliyoniachia:

    Sikuja kwako na panga,
    wala kamba ya kufunga,
    maziwa nimeyatenga,
    nijibu, nipate rudi.

Nilitarajia kimya. Nilitarajia hasira,
tawi lianguke, bundi alie mchana.
Msitu ukanijibu kama bibi anayeulizwa kama kuna wali:
Kateni, mwanangu. Upande upi mnautaka?
Mpapindi ule mchukue, umenyooka.
Na huo mtondoo, mbao zake hazili maji.
Mmekula? Chukueni na asali.

Nikauliza mara ya pili. Mara ya tatu.
Kateni, ukasema, na majani yakacheka kwa ukarimu
hadi nikaketi chini nikalia.

Hapo ndipo nilipomwelewa mama,
na kwa nini kila alipotoka humu
alikuwa akinawa kinywa mara saba.
Mti haujui kunyima.
Humpa kivuli hata mwenye shoka, amalize kunoa.
Neno "hapana" haukupewa;
walipewa watu, na katika watu
akawekwa mmoja wa kulisema kwa niaba yake.

Nikatoka. Baraza zima limesimama, hata watoto.
Umekataa, nikasema.
Faki akaikunja ramani, mara mbili, mara nne,
mpaka haikukunjika tena.
Raya alikuwa nyuma yake. Hakusema kitu.
Macho yale ninayo mpaka leo.

Uongo una deni lake.
Usiku ule nikafungua karakana,
nikaunganisha baiskeli mbili kwa mianzi,
katikati kitanda cha kamba, juu turubai,
breki nne, kengele mbili.
Nikapima upana wa kijia cha paa, kile kinachokatiza msitu,
nikapunguza ekseli mpaka ikapita bila kugusa gome.
Miezi kumi na minne baadaye nilimpakia Raya,
nikakanyaga pedali gizani, Faki akisukuma nyuma, analia, anasukuma,
na ardhi, nadhani, ilitushushia pumzi kidogo tupate mteremko.
Mtoto alilia kabla hatujafika lami.

Hata sasa nikipita, sauti ile huniita kutoka kushoto:
Mize, mbona hamji kukata?
Nainama, natia mnyororo mafuta.
Najifanya sikusikia.